Matembezi ya Bibi Mwanaheri

Kila alasiri Nasra alipotoka shuleni, alivua sare, akala makande ya mchana, kisha akamtolea bibi yake viatu vya raba. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na mama yake: atembee na Bibi Mwanaheri kutoka nyumbani kwao, chini kidogo ya msitu wa Magamba, hadi kwenye chemchemi na kurudi.

Zamani Bibi Mwanaheri alipanda milima hiyo akiwa na tenga la kabichi kichwani. Lakini tangu wanawe walipoanza kumpa nauli ya bodaboda, aliacha kutembea. Alishinda jikoni akikaanga maandazi ya kuuza, na mengine akiyala mwenyewe. Mwili uliongezeka, magoti yakaanza kuuma, na kila alipoinuka kwenye kigoda alihema kama mtu aliyekimbizwa. Nesi Beatha wa zahanati ya kijiji alimpima, akakuta presha iko juu. Alimpa dawa, akamwambia apunguze sukari na mafuta, na atembee kila siku.

“Bado una miaka mingi mbele, mama,” nesi alimwambia. “Ukipunguza uzito sasa, utaiishi ukiwa na nguvu zako.”

Siku za mwanzo walifika chemchemi. Lakini kilima kilikuwa kikali, na Bibi alisimama mara kwa mara kushika kiuno. Siku moja vijana waliokaa kando ya njia walimtania, “Bibi, unajiunga na jeshi?” Bibi alicheka nao, ila Nasra aliona midomo yake ikitetemeka.

Kesho yake, walipofika kwa jirani yao Saumu, Bibi aliingia uani akaketi. Saumu alileta chai ya maziwa yenye sukari nyingi na sahani ya chapati. Wakazungumza mpaka jua likajificha nyuma ya mlima.

“Bibi, na chemchemi?” Nasra aliuliza.

“Leo magoti yamekataa. Usimwambie mama yako, mjukuu wangu. Atanigombeza kama mtoto mdogo.”

Jioni Hidaya, mama yake Nasra, alirudi kutoka sokoni. “Mmefika?”

“Tumefika, mama.”

Uongo ule ulitoka kirahisi, na kesho yake ukatoka kirahisi zaidi. Ikawa desturi. Nasra alijiambia kwamba kutunza siri ya mkubwa ni heshima. Hata hivyo, kila mama yake alipotabasamu na kusema, “Alhamdulillahi, Bibi atapona,” Nasra aliinamia sahani yake.

Siku ya kurudi zahanati ilipofika, walikwenda wote watatu.

“Shikamoo, mama,” Nesi Beatha alisalimia.

“Marahaba,” Bibi aliitikia, akapanda kwenye mzani.

Nesi alisoma mzani, akampima presha, kisha akapima tena. Uso wake ukabadilika. “Presha imepanda kuliko mwanzo. Uzito nao umeongezeka. Dawa anakunywa?”

“Kila asubuhi, namsimamia mwenyewe,” Hidaya alijibu.

“Na kutembea?”

Bibi alitazama ukutani. “Anatembea kila siku na huyu mwanangu,” Hidaya alisema kwa fahari.

Nesi alishusha pumzi. “Basi dawa hii haimtoshi. Itabidi aende hospitali, daktari amwongezee nguvu ya dawa.”

Bibi alimshika Nasra kiganja na kukibana. Nasra alijua maana yake. Alimtazama mama yake, akamtazama nesi.

“Hatutembei,” alisema. “Tunaishia kwa jirani, Bi Saumu. Bibi anakunywa chai na kula chapati.”

Bibi aliuachia mkono wake. Hidaya alishika kichwa. “Nasra! Siku zote hizi unanidanganya?” Nasra akaangua kilio.

“Mwache kwanza,” alisema Nesi Beatha. “Amechelewa, lakini amesema. Bibi yake angeweza kuongezewa dawa kali bila sababu, akapata kizunguzungu na kuanguka huko mteremkoni.” Akamgeukia Bibi. “Mama, nini kilikushinda?”

“Magoti,” Bibi alisema. “Tena nikikonda watu watasema nini? Watasema mwanangu ananinyima chakula. Wengine watasema nimepata ugonjwa mbaya.”

“Watu watasema, kisha watazoea,” nesi alisema. “ Lakini hapo kwenye magoti kosa ni langu. Nilikwambia utembee bila kukuuliza kuhusu njia. Anza na njia ya tambarare inayokwenda shuleni, polepole.”

Walirudi nyumbani. Kwa siku kadhaa Bibi hakumwita Nasra kwa jina, wala hakupokea chakula mkononi mwake. Nasra aliona amempoteza bibi yake kwa neno moja. Hidaya naye hakumwamini tena; kila alilosema, alilihakikisha kwa jirani.

Kisha alasiri moja ya ukungu, Bibi alivaa raba mwenyewe akatoka. Hakumwita mtu. Nasra alimfuata kwa mbali. Walipofika kwa Saumu, inapoanzia njia ya shuleni, sauti ikatoka uani, “Karibu chai, mama!”

Bibi alisimama. Nasra naye akasimama.

“Chai ya asubuhi inatosha,” Bibi alijibu. “Funga mlango wako, Saumu, uje tutembee.”

Saumu alicheka, akajitanda kanga, akatoka. Bibi aligeuka nyuma. “Na wewe Nasra, mbona umebaki huko? Njoo hapa.”

Uzito haukupungua upesi. Kuna majuma mzani haukusogea kabisa, na asubuhi za baridi magoti bado yaliuma. Lakini presha ilianza kushuka. Maharage yalipokauka, Bibi aliteremka bondeni kuvuna pamoja na Hidaya na Nasra, akarudi kwa miguu yake huku akipumzika njiani. Kwenye mapumziko ya mwisho, Hidaya akiwa ametangulia, Bibi alimketisha Nasra kando yake.

“Siku ile niliona umenivunjia heshima,” alisema. “Kumbe uliponifichia siri ndipo ulipokuwa ukiniumiza, na mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha. Umpendaye mwambie kweli, hata akinuna. Kununa huisha. Na mwili wako uutunze mapema, nao utakubeba uzeeni.”

Nasra alinyoosha mkono ili amwinue, lakini Bibi alikuwa ameshasimama.

“Twende,” alisema, “mama yako anatuacha.”