Nani Mfungaji?

"Maziwa yamechacha," hereni ilinong'ona. "Nunua mengine kabla ya saa sita."

Sindano aliendelea kupiga deki.

Maana yake aliijua. Adui amekaribia ukumbi wa kura, na lazima akamatwe kabla upigaji haujafungwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na nane.

"Sura yake?" aliuliza, ameinamia ndoo.

"Hatuna," alijibu mkuu wake, jibaba la sauti nzito ambalo hewani liliitwa Shangazi. "Ana kipande halali cha uraia mkononi, kimechomolewa kwenye maiti ya askari. Mlangoni watampitisha. Amebeba kidude cha kuongeza kura elfu sita za hapana. Akikigusisha tu kwenye mashine ya kuhesabia kura za nchi nzima, kwisha habari yetu."

"Kuna watu mia nne hapa, Shangazi."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe."

Katika nchi ile uraia haukupatikana kwa kuzaliwa. Mtu alivaa buti za jeshi miaka saba, akapachikwa kipande cha chuma chini ya ngozi ya mkono, ndipo akaitwa raia na kupiga kura. Wapishi, madereva na wauguzi walikuwa wakazi tu. Siku ile raia waliulizwa swali moja: je, miaka ya wauguzi wa hospitali za jeshi nayo ihesabiwe? Wauza silaha wa ng'ambo, waliomtuma adui huyo, hawakutaka hata kulisikia swali hilo. Kila walipoulizwa kama nchi iingie vitani, wenye buti walisema ndiyo. Wauguzi, waliofua mashuka ya vita hivyo, nani angewaamini kusema hivyo?

Mama yake Sindano alikuwa na miaka thelathini na moja katika wodi ya majeruhi, na haukuhesabiwa hata mmoja. Sindano mwenyewe alikuwa na tisa katika idara ambayo kwenye karatasi haipo. Kwa hiyo hakuwa raia, na kusema kweli ilimuuma. Ila ilikuwa na faida yake: hakuna raia aliyejisumbua kumtazama msafisha sakafu.

Wala ovaroli yake, iliyoficha Kifaru-9, bastola isiyozidi kiganja.

Saa tano na dakika hamsini.

Mlango ulifunguka. Akaingia mzee mwenye nishani kifua kizima, mkongojo mweusi mkononi. Foleni nzima ikanyoosha migongo.

"Mkuu, pita mbele!" alisema mama mmoja mwenye mguu wa chuma.

"La, wanangu. Nami nitapanga kama nyinyi." Mzee alitabasamu. "Wa mwisho ni nani?"

Mwenye mguu wa chuma alikunja uso, kisha akaona haya. Nani angemsahihisha mzee wa nishani?

Sindano alisimamisha deki.

Hakuwahi kulala kambini hata siku moja. Lakini utotoni alishinda wodini kwa mama yake, akiwatazama askari wakipanga foleni ya dawa. Neno mwisho hawakulitamka. Vitani, aliyekaa mwisho wa mstari ndiye aliyepigwa risasi ya mgongo, basi kila kuruta alikatazwa neno hilo siku ya kwanza, na aliyeteleza ulimi alikimbizwa mpaka atapike. Hata mwenye homa ya kuweweseka, akitafuta aliye nyuma ya foleni, aliuliza, "Nani mfungaji?"

"Ni huyu mzee wa nishani," alinong'ona.

"Mwenye nishani, awe adui?"

"Nishani zinashonwa, Shangazi."

Alisukuma ndoo kumwelekea. Macho yao yalikutana sekunde moja, ikatosha.

Uzee ukamtoka. Jamaa aliruka kamba ya foleni, akatimua mbio kuelekea mashine, mkongojo mbele.

Hatua kumi.

Sita.

Deki ilipaa, ikamwingia miguuni. Alianguka kifudifudi, akageuka na bastola mkononi, lakini Sindano alikuwa ameshamkanyaga kifundo cha mkono.

"Jaribu," alisema. Kifaru-9 ilikuwa puani pa jamaa.

Hakujaribu.

Walinzi walimzoa. Mkongojo ukabaki kwa Sindano. Aliufungua kichwa, akakuta kile kidude, kina swichi yenye pande mbili: HAPANA na NDIYO. Mashine ilikuwa hatua nne tu kutoka pale aliposimama, na ukumbi mzima ulikuwa unamkodolea macho mzee wa bandia.

Kura elfu sita. Alimfikiria mama yake, mikono iliyochubuliwa na dawa ya kuoshea vidonda. Alitamani. Alitamani kwelikweli, hadi kidole kikagusa upande wa ndiyo.

Kisha akautumbukiza mkongojo kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ulitoa cheche, ukazima.

Saa nane hereni iliamka tena.

"Tumeshindwa," alisema Shangazi. "Kwa kura arobaini na moja. Kile kidude... hakikugeuzika?"

"Kiligeuzika."

Shangazi alizima hereni.

Sindano alivua ovaroli, akatokea mlango wa mbele, ule wa raia. Hakuna aliyemzuia. Akiwa kwenye ngazi, simu ililia.

"Mwanangu, wamesemaje?"

"Wamekataa, mama."

Mgonjwa aliita huko nyuma, na mama akamjibu, "Nakuja, baba."

"Wamehesabu sawasawa lakini?"

"Kila kura, mama. Zimepungua arobaini na moja."

"Arobaini na moja?" Mama aliguna. "Hao mbona hawajazi hata wodi yangu! Wote raia, wamelala chali, hawana pa kukimbilia. Swali likirudi watasema ndiyo. Ngoja nianze na kitanda cha kwanza."

Akakata simu.

Sindano alicheka peke yake, akatia mikono mifukoni na kuvuka barabara.