Ines na Ngazi Zinazotembea

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Ines alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuosha vyombo na kumnywesha mdogo wake uji. Baba yake, kibarua wa bandarini anayepakia magunia ya korosho, alikuwa ameondoka tangu alfajiri. Ines alivaa begi lake mgongoni, akatoka mtaani kwao, Magomeni ya Mtwara, kwenda shule peke yake. Wasichana wengine walimpita wawili wawili, wakicheka. Hakuna aliyemwita.

Familia yake ilihamia Mtwara mjini miezi mitatu iliyopita, kutoka kijiji cha kando ya Mto Ruvuma. Babu yake alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, na nyumbani walizungumza Kimakonde. Siku ya kwanza darasani Ines alisema "balabala" badala ya "barabara", darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo akafunga mdomo. Wakati wa mapumziko alikula muhogo wake nyuma ya darasa, huku wenzake wakiruka kamba.

Siku moja Mwalimu Somoe, mlezi wa klabu ya mazingira, aliwatangazia wanachama wake, Ines akiwamo, kuwa wameshinda shindano la kupanda miti. Zawadi yao ilikuwa safari ya Dar es Salaam, kutembelea makumbusho na jumba kubwa la maduka lenye ghorofa nne.

"Jamani, humo kuna ngazi zinazotembea zenyewe!" Rukia, msichana wa darasa lake, alisema, macho yamemtoka.

"Mimi nimeshazipanda," Ines alijikuta akisema. "Maputo. Shangazi yangu anakaa huko."

Hakuwahi kufika Maputo, na shangazi huyo hakuwapo duniani. Lakini siku ile Rukia alimsogezea nafasi kwenye benchi, akamwomba asimulie. Ines akasimulia. Kwa wiki mbili alipata wa kukaa naye, ila kila alipoulizwa swali ilimbidi atunge uongo mpya.

Siku ya matembezi iliwadia. Ndani ya jumba lile la maduka hewa ilikuwa baridi, na sakafu iling'aa hata Ines akaiona sura yake.

"Leo sisi ni watalii," Mwalimu Somoe alisema. "Tunaangalia, hatugusi. Haya, twendeni juu."

Mbele yao ngazi za chuma zilichomoza sakafuni na kupanda, moja baada ya nyingine.

"Ines atangulie!" Rukia alisema. "Yeye ndiye mwenyeji wa mambo haya."

Ines aliinua mguu. Ngazi ikamkimbia chini ya kiatu. Akaurudisha upesi. Angesema tu "naogopa", mwalimu angemshika mkono. Lakini angeanzia wapi?

"Mimi nimeshayazoea haya, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Naomba niwasubiri hapa."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Basi kaa kwenye benchi lile, karibu na mlinzi. Usiondoke."

Wenzake wakapanda wakipiga vigelegele, wakatoweka. Ines akabaki. Watu walipita na mifuko yao bila kumwona. Mtoto mdogo alipanda ngazi zilezile ameshikwa na bibi yake, akicheka. Upweke Ines alikuwa ameuzoea, lakini huu ulimuuma zaidi kwa sababu aliutengeneza mwenyewe.

Ilipokaribia kutimia saa nzima, alisikia akiitwa. Rukia alikuwa juu, penye ngazi za kushukia, ameng'ang'ania ukuta wa kioo huku akilia.

"Nilikuhurumia kwa kuwa uko peke yako, nikawatoroka wenzangu nije kukaa nawe. Sasa naogopa kushuka! Njoo unishike mkono, wewe unajua!"

Watu waligeuka kutazama. Ines akasogea hadi chini ya ngazi.

"Sijui!" alipaza sauti. "Sijawahi kupanda, Rukia. Niliwadanganya. Sijafika Maputo, wala sina shangazi huko!"

Rukia akauachia ukuta wa kioo. Akaketi sakafuni kulekule juu. Ines naye akarudi kuketi chini. Ngazi tupu ziliendelea kupanda na kushuka baina yao.

Mwalimu Somoe akatokea mbio huko juu akimtafuta Rukia, akamshika mkono, wakashuka pamoja.

"Niliamini kila neno lako," Rukia alimwambia Ines bila kumtazama.

"Nilitaka mtu wa kukaa naye. Nisamehe."

"Ungesema tu! Mimi mwenyewe nilipanda nimefumba macho."

Mwalimu hakugomba. Alimsogeza Ines mbele ya ngazi. "Tazama mstari wa njano. Usiukanyage. Shika mkanda huu wa mpira, kisha piga hatua moja."

Rukia alisita, halafu akanyoosha mkono. "Lakini usiniangushe!" alisema kwa ukali. Wakakanyaga pamoja.

Huko juu zilikuwa zimebaki dakika kumi tu kabla ya kuondoka. Ines hakuona hata robo ya vitu walivyoona wenzake, maana dakika hizo alizitumia kuwaeleza ukweli. Mvulana mmoja, Issa, alimcheka, wengine wawili wakanuna. Rukia hakuondoka ubavuni pake.

Walipokuwa ndani ya basi wakirudi, Mwalimu Somoe aliketi karibu na Ines.

"Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, umeiona mwenyewe. Marafiki uliowapata kwa wiki mbili walikuwa marafiki wa msichana uliyemtunga. Wewe mwenyewe ulibaki peke yako, hata walipokuzunguka. Kutojua si aibu. Sema hujui, sema unaogopa. Hakuna awezaye kukushika mkono kama umeuficha."