Panya wa Chini ya Ghala

Selestina alikuwa na mimba ya kwanza, na chakula kilikuwa hakimpandi. Ugali wa muhogo ulimshinda kwa harufu. Kisamvu alikitazama tu. Mama mkwe wake, Mama Dominika, alimtunza kama yai.

"Kula kidogo, mwanangu. Huli peke yako siku hizi."

Lakini Selestina alikuwa na kero nyingine: panya. Kila asubuhi aliokota punje zilizotafunwa chini ya ghala lao, pale kijijini Mnyambe. Mbegu zote za msimu ujao zilikuwa humo. Mumewe, Optatus, alitega mitego. Wakanaswa wawili, ukabaki ukoo mzima. Basi siku ya gulio Selestina akanunua sumu, kipakiti kisicho na jina wala maelezo. Akaichanganya na dagaa, akaitega chini ya ghala. Hakumwambia mtu. Alitaka wamsifu baadaye.

Sasa, huku kwetu panya ni kitoweo. Mavuno yakiisha, watu huwachimba shambani, wakawabanika kwenye vijiti, na wajuao kula hula na mifupa. Selestina kazaliwa humo humo. Alisahauje? Kero ikizidi, akili hukimbia.

Kesho yake alirudi kutoka bombani akakuta moto unawaka. Mama Dominika amechuchumaa, uso unang'aa kwa furaha. Kijitini kulikuwa na panya watatu, wanaanza kuiva.

"Njoo, mwanangu. Leo utakula tu. Nimewaokota chini ya ghala. Wamenona mpaka mbio hawana."

Ndoo ilimponyoka Selestina. "Mama, umeonja?"

"Nile kabla yako? Hawa ni wako na mjukuu wangu."

Selestina akakaa pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akalia. Akasema yote, sumu na dagaa. Aliona aibu, ila hofu ilizidi aibu. Mama Dominika hakugomba. Alikiondoa kijiti motoni, akakaa karibu naye.

Wakamwita jirani yao Naima, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo, Mama Dominika."

"Marahaba, mwanangu. Tumeponea chupuchupu." Akamsimulia yote.

"Nawa kwanza kwa sabuni, Mama. Angekula mtu, ningesema mkimbilie hospitali na kile kipakiti mkononi, msingoje aumwe. Sumu haitoki kwenye panya, hata umbanike akauke. Paka akimla, anakufa. Kuku akidonoa wale dagaa, anakufa. Nyumba inayokula panya haitegi sumu."

Akawaelekeza wavae mifuko mikononi, wafukie panya na dagaa wote kwenye shimo refu, mbali na maji.

"Na mbegu zangu je?" Selestina aliuliza.

Naima akalizunguka ghala. "Hapa mmewajengea ngazi. Miguu mifupi, tawi la mkorosho limegusa paa, majani mpaka mlangoni. Ghala liinueni lifike kifuani pa mtu. Kila mguu uvisheni bati, lifunguke chini kama mwavuli. Panya akipanda, atagota hapo. Kateni tawi, fyekeni majani, okoteni punje. Na mfuge paka."

"Wewe hata panya huli," Mama Dominika alimtania. "Umewajulia wapi?"

"Mimi siwali, Mama. Wao ndio walikuwa wanakula mahindi yangu."

Optatus alikata mabati chakavu siku hiyo hiyo. Mvua za kwanza ziliponyesha, Selestina alifungua ghala, mtoto yuko mgongoni. Mbegu zilikuwa nzima. Walipanda shamba lote bila kuomba mbegu kwa mtu.

Baada ya mavuno, Mama Dominika alirudi jioni na kijiti chake.

"Hawa nimewachimba mwenyewe, kwenye shamba letu lisilojua sumu."

Akawabanika hadi wakakauka vizuri. Selestina akammegea kipande kinono.

"Anza wewe, Mama."

"Nile kabla yako?"

Basi wakala pamoja, na safari hii Selestina aliomba tena.