Valvu Nne za Kibirizi

Nguuu...

Mngurumo mzito ulipenya mbao za ghala la dagaa. Zuleha Omari aliganda, bega ukutani. Ghala halikupaswa kuwa na umeme.

Alibonyeza redio ya mkononi.

"Dismasi. Umekata?"

"Nimekata, dada. Ingia."

Mngurumo ukaendelea.

Transfoma haidanganyi.

Ulikuwa mwaka 1973. Ufukweni Kibirizi, mamia ya wakimbizi waliketi kando ya maboti wakingoja neno la mchungaji wao, Nikodemu. Hawakujua ametekwa ng'ambo ya ziwa. Hawakujua amelazimishwa kurekodi utepe wa kuwaita nyumbani, ambako bunduki zinawangoja.

Idara ya Usalama ilimtuma Zuleha kuizima sauti hiyo. Fundi wa kumsaidia alimchagua mwenyewe: Dismasi, mtoto wa Mama Melania wa Simbo. Walikua pamoja, wakila sahani moja kwa mama huyo.

Alichomoa bastola yake ya Browning, akaupiga mlango teke.

Bastola nyingine ilikuwa inamngoja. Aliyeishika ni Dismasi.

"Weka chini, dada."

Aliweka.

Mezani, amplifaya ilikuwa wazi. Valvu nne nene ziliwaka rangi ya chungwa.

"KT88," Dismasi alisema kwa majivuno. "Waliomteka Mchungaji walileta valvu za 6L6. Nikawaambia, kwa volti mia tano na sitini hizo zitakufa. Hizi zinavumilia. Mtambo utasikika mpaka Mwanga, mjini."

"Kwa nini, Dismasi?"

"Idara ilinipa bisibisi. Wao wamenipa mtambo."

Akawasha kinasa sauti cha Grundig. Utepe ukazunguka.

"Wanangu, rudini..."

Sauti ilitanda ufukweni. Watu wakasimama. Boti la kwanza likasukumwa majini.

Waya wa vipaza sauti ulipita sakafuni, karibu na kiatu cha Zuleha. Amplifaya ya valvu ikipigishwa kwa nguvu zote bila spika, hujiunguza yenyewe. Nani alimfundisha hayo? Dismasi huyuhuyu.

Akaunasa waya kwa kisigino. Akavuta.

Nje, kimya. Ndani, cheche za buluu ziliruka kwenye soketi.

"Valvu zangu," Dismasi alinong'ona.

Akasahau kila kitu isipokuwa ufundi. Fundi wa volti kubwa hagusi mtambo kwa mikono miwili, umeme usije ukapita moyoni. Kwa mazoea, mkono wa bastola ukazama mfukoni. Wa pili ukakimbilia swichi.

Zuleha hakuhitaji zaidi.

Kiwiko. Taya. Pingu.

Valvu ya mwisho ikapasuka.

Alitoka, akawaeleza wakimbizi ukweli wote. Boti lililokwisha kusukumwa likarudi nchi kavu. Mama mmoja alikaa mchangani, akamlilia Nikodemu.

Askari walipompandisha Dismasi kwenye Land Rover, aliinua uso.

"Zuleha. Mama asijue."

Zuleha alipangusa mchanga kwenye Browning yake, akaichomeka kiunoni. Alikwisha kumpa mgongo alipojibu.

"Atajua leo. Nitakwenda Simbo mimi mwenyewe, nimpigie magoti, nimwambie ulichofanya. Na nitakaa naye mpaka amalize kulia."