Kiberiti Chini ya Boneti

Rafiki yangu Wachira ni fundi wa magari Waithaka, na si mtu wa kutia chumvi. Mwaka wa 2007 Prabha, mwenye duka la vitambaa katikati ya jiji, alimpigia simu kwamba gari lake linanuka petroli. Lilikuwa kwenye maegesho ya chini kabisa ya jengo. Wachira akaenda peke yake. Akafungua boneti, akamwomba Prabha akae ndani awashe swichi. Pampu ikavuma, na paipu ya petroli ikaanza kuvuja juu ya injini, tone kwa tone.

“Zima, mama.”

Akazima. Mara stima ikapotea. Wachira akaendelea kwa kupapasa, akatoa paipu iliyopasuka, akatia mpya. Alipokuwa akikaza klipu, akasikia njiti ya kiberiti ikikwaruzwa. Hakuona mwanga.

“Wee, wacha hiyo. Hapa kuna petroli.”

Ikakwaruzwa tena, karibu na sikio lake.

Prabha akasema kutoka ndani ya gari, “Fundi, ambia mwenzako asivute sigara hapo.”

Stima iliporudi, hakukuwa na mtu. Juu ya injini, katikati ya petroli iliyomwagika, kulikuwa na njiti moja iliyoungua yote, na bado ilikuwa ikitoa moshi.