Damu Kwenye Shuka la Chenge

Ngumi ya kwanza ilimpata Masele mdomoni, ya pili ikapotelea hewani, na katikati ya ngumi hizo begi la Renatha likachanika. Wapiga debe wawili wa stendi ya Buzuruga walikuwa wanamgombea Renatha huyo, abiria, dada wa Kihaya aliyevaa gauni la kitenge cha njano. Renatha hakusubiri polisi. Alimzaba kofi yule mrefu.

"Umenichania begi, mshenzi we!"

"Mkono wako mzito, dada," Chenge alisema akishika shavu huku anacheka. "Unaitwa nani?"

Begi lilishonwa siku hiyo hiyo, kwa fundi, wakiwa wawili. Mapenzi hayana adabu. Wiki ya tatu simu zilikuwa haziishi.

"Nshomile wangu, msomi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe leo umepigana na nani?"

"Wawili tu, mpenzi. Tena wadogo."

Jumamosi moja mchana Renatha aliingia chumbani kwa Chenge, Buhongwa, bila kubisha hodi. Dirishani vilipangwa vikasha vya vidonge; chini ya kitanda palikuwa na beseni, ndani yake shuka lililolowekwa, maji yamekuwa mekundu.

"Damu ya nani hii?"

Chenge akalisukuma beseni kwa mguu.

"Nakuuliza! Mwanamke gani amelala hapa?"

Mtu aliyewahi kupigwa nondo asilie alitazama sakafu. "Ndiyo," alisema. "Nina mwanamke."

Sahani ya kwanza ilivunjikia ukutani. Ya pili ilimpasua juu ya jicho. Renatha akalipindua na beseni lenyewe kitandani, akatoka akilia mpaka wapangaji wote wakachungulia. Chenge hakumfuata. Angemwambia nini, kwamba anatokwa damu njia ya haja kubwa? Wanaume wetu hawa, afadhali waitwe wazinzi.

Miezi miwili Renatha hakupokea simu za Chenge. Hospitalini, kwenye chumba cha kumbukumbu alikofanya kazi, alipewa rundo la mafaili. Daktari mmoja alikuwa anawafuatilia wagonjwa wa uvimbe wa utumbo mpana na puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, akitaka kujua wanafananaje. Renatha akaingiza kwenye kompyuta. Mvuvi, miaka thelathini na sita. Fundi seremala, thelathini na moja. Vijana kabisa! Wengi walianza kwa kutokwa damu, wakadhani ni kichocho kwa kuwa wamekulia ziwani, wakameza vidonge mpaka uvimbe ukakomaa. Kwenye faili la kumi na tisa vidole vyake viliganda. Alikumbuka dirisha la Chenge na vikasha vya vidonge vya kichocho vilivyopangwa pale.

Hakuaga mtu.

Alimkuta Chenge stendi ya Buzuruga amemkaba mtu koo, mwenyewe amekonda, shati linamning'inia. Renatha akapenya katikati, akamkamata ukosi.

"Huyo mwanamke wako yuko wapi? Nionyeshe!"

"Niache, Renatha."

"Hayupo!" Akamsogelea sikioni. "Damu ni yako. Twende hospitali."

Chenge akajinasua, shati likapasuka. Renatha akamng'ang'ania kiunoni mpaka wote wawili wakaanguka vumbini, stendi nzima ikishangilia.

"Watanitia kidole huko nyuma, Rena," alisema chini kabisa. "Mimi mwanaume."

"Umetiwa visu wewe. Kidole ndicho unachoogopa?"

Alikwenda. Majibu yalipotoka, daktari hakuzunguka: ilikuwa saratani, na ilikaa chini mno. Wangeukata uvimbe na kuifunga njia yenyewe ya haja kubwa, naye ajisaidie kwenye mfuko uliobandikwa tumboni maisha yake yote. Chenge alipiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka.

Asubuhi ya upasuaji Renatha alifika amesuka, amevaa gauni jipya jekundu.

"Nenda kwenu," Chenge alimwambia kutoka kwenye kitanda cha magurudumu. "Kaka zako watakubali shemeji mwenye mfuko wa mavi?"

"Kwani kaka zangu ndio watakaolala na wewe?"

Muuguzi alishindwa kujizuia. Chenge naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, mbele za watu, bila kujificha.

"Naogopa, Rena."

"Hata mimi naogopa. Nioe."

"Lini?"

"Ukitoka humo. Na usipotoka, Chenge, nitaingia nikuue mwenyewe."

Walishikana mikono hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi akalazimika kuwaachanisha.