Reli za Mtumba kutoka Shighatini

Jioni ile Yona alikuwa anafuata reli. Si hizi za watu wazima zinazopita stesheni ya Same, la. Reli za kuchezea, za kupanga mezani, ambazo ukiweka kidole gumba katikati panajaa. Alizikuta mtandaoni, kwenye ukurasa wa vitu vya mtumba ambako watu huuza makochi, majiko ya gesi na simu zilizopasuka kioo. Picha ilikuwa moja, tena hafifu. Chini yake maneno machache: Reli ndogo za treni. Zimetumika. Zipo Shighatini.

Mtu mzima, fundi simu mwenye kibanda chake karibu na soko, anapanda mlima kufuata vitu vya watoto? Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Baba yake, mzee Melkizedeki, alikuwa dereva wa treni maisha yake yote ya kazi, Tanga kwenda Moshi na kurudi. Alipostaafu, mhandisi mmoja wa kizungu alimwachia zawadi ya treni ndogo ya umeme, kichwa na mabehewa yake na reli zake. Reli ziliondoka na wezi wa vyuma chakavu siku ambayo nyumba haikuwa na mtu. Kichwa na mabehewa vikabaki kabatini. Halafu mzee akaingiwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kusahau miwani, akasahau majirani, akamsahau marehemu mkewe, na mwaka huu akafika kwa Yona mwenyewe, mwanawe wa pekee.

"Shikamoo baba," Yona humwamkia kila asubuhi akimpelekea chai.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Swali lile lilikuwa linamkata maini. Lakini siku moja alimwekea kile kichwa cha treni mkononi. Mzee akakipapasa, akakigeuza magurudumu juu, akasema bila kubabaika, "Yona, hiki kinataka reli." Akamtaja jina. Kisha akapotea tena. Yona alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji, na jioni hiyohiyo akaanza kutafuta reli. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu, baba yake amtaje jina tena.

Muuzaji alikuwa mama mmoja anayeitwa Mwanakheri. Yona alimwandikia kuuliza kama reli bado zipo.

"Zipo. Unazitaka za nini?"

Yona hana siri. Akamweleza yote, ugonjwa wa mzee, jinsi anavyoondoka kidogokidogo, jinsi alivyobaki ganda. Kisha ujumbe ukaingia.

"Njoo mwenyewe."

"Nikutumie bodaboda, mama? Mimi niko mbali kidogo, Same."

"Hapana. Zitoke mkononi mwangu ziingie mkononi mwako."

Wauza vitu mtandaoni wana vituko vyao, Yona akajisemea. Akawasha pikipiki. Alikata kona Kifaru, akapanda kupitia Kighare, baridi ikamwingia kwenye mikono ya koti. Alipofika Shighatini jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba na ukungu unashuka barabarani. Watu aliowauliza njia walimwonyesha kwa kidole na kuendelea na safari zao. Hakuna aliyesema karibu, na hilo kwa watu wa milimani si jambo la kawaida.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa. Uani palikuwa na kibanda cha kufulia chuma kilichoanguka, majani yamekifunika. Jiko lake halijawashwa miaka. Hata hivyo Yona alisikia harufu ya mkaa, na ya chuma cha moto.

Na mlio, ndani ya nyumba.

Ngo... ngo... ngo...

Wa taratibu. Wa mtu asiye na haraka.

Mama Mwanakheri alisimama mlangoni, mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala. Yona akaamkia, akaitikiwa.

"Kuna fundi ndani, mama?"

"Hakuna mtu."

Ngo... ngo...

Yona aliona aibu kuuliza tena. Mama akamsukumia kwa mguu boksi lenye reli. Alinong'ona kwamba marehemu mumewe alikuwa mfua chuma, kama baba yake na babu yake. Reli zile alizipata zikiwa zimepungua kipande kimoja, na kipande hicho akakifua mwenyewe. Kilikuwa kitu chake cha mwisho kufua. Kisha akaingiza mkono ndani ya khanga akatoa kipande cheusi, kizito, kilichopinda vizuri kama vingine.

"Hiki ndicho cha kufungia duara," akasema. "Pokea."

Yona amelelewa. Mtu mzima akikupa kitu hupokei kwa mkono mmoja. Akainama kidogo, akakinga mikono yote miwili, akapokea.

Kipande kilikuwa cha moto.

Na ndani ya nyumba kukawa kimya.

Mama Mwanakheri akaangalia nyuma yake, akasikiliza. Mabega yakamshuka. Akajifuta viganja kwenye khanga, tena na tena, mtu ungedhani ameshika samaki.

"Nenda, baba. Nenda salama."

"Na malipo, mama?"

Mlango ulikuwa umeshafungwa. Yona akasikia sauti ndani, na hadi leo hajui kama mama yule alikuwa analia au anacheka.

Jioni ya pili yake akapanga reli mezani sebuleni, mbele ya kiti cha mzee. Mkewe, Veneranda, akamshikia taa. Zile za boksi ziliungana bila shida. Likabaki pengo moja, na kipande cheusi kikaingia pale bila kulazimishwa. Duara likafunga. Yona akachomeka adapta.

Treni ikaenda.

Mzee Melkizedeki akainua kichwa. Treni ilipopita juu ya kile kipande cheusi ilitoa mlio mdogo, ngo, na taa ikafifia kidogo. Ikazunguka, ngo, taa ikafifia. Mzee akanyoosha mgongo. Akaacha kutetemeka. Macho yaliyokuwa na utando yakawa makavu na makali, yakamtazama mwanawe.

"Yona," akasema.

Veneranda aliweka taa chini akamkumbatia baba mkwe wake akilia, na yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha na kumbadilisha nguo, basi muelewe kilio chake. Yona alipiga magoti akamshika mzee miguu. Walikula pamoja siku hiyo. Mzee alishika kijiko mwenyewe, akaomba kuongezewa. Sijui kama nyumba ile iliwahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Asubuhi yake treni ya abiria ikapiga honi kule stesheni.

Yona alikuwa anampa mzee chai. Tangu azaliwe hajawahi kuona honi ile ikilia na baba yake asitazame saa. Hata ugonjwani, hata asipojua jina lake mwenyewe, honi ikilia mkono wa kushoto ulikuwa unapanda, macho yanatafuta saa ambayo haipo. Safari hii honi ililia, ikalia tena. Mzee akaendelea kunywa chai.

"Baba, treni imefika."

"Treni gani?" akauliza mzee. Kisha akasema maneno mengine, mazuri, ya haraka, kwa Kigweno, lugha ya milima ile ya Shighatini.

Mzee Melkizedeki ni mtu wa Upare ya Kusini. Lugha ya nyumbani kwake ni Chasu. Kigweno hakukijua.

"Labda alijifunza kwa abiria," Veneranda akasema. "Usimtafutie mtu sababu, mume wangu. Mshukuru Mungu." Mchana mzee akamtuma Veneranda mkaa. Si wa kupikia, alisema. Akachagua vipande vikubwa, akavipanga kando ya kiti chake.

Jioni Yona akawasha tena treni. Alikuwa peke yake sebuleni, Veneranda yuko jikoni, mzee yuko uani anatazama milima. Treni ikazunguka. Yona akainama kusikiliza magurudumu, maana yalikuwa na mlio wa ajabu, wa kukwaruza, unaopanda na kushuka...

Haukuwa mlio wa magurudumu.

"Yona..."

"Yona... nishushe."

Sauti ilikuwa nyembamba, inatoka kwenye behewa la nyuma. Aliijua. Ndiyo iliyomfundisha kuhesabu mataruma, yale magogo yanayobeba reli, wakitembea kando yake, yeye mdogo, baba akiwa na sare. Akachomoa adapta. Kimya. Akachomeka tena.

"...nishushe, mwanangu. Nazunguka tu. Hapa hakuna stesheni."

Yona akalifungua behewa. Tupu. Akachukua koleo, akakibana kile kipande cheusi ili akivute, duara likatike, baba atoke. Kipande kikaanza kulegea. Sauti ikapanda, ikawa ya mtu anayeporomoka.

"Ukikitoa, atashukia wapi?"

Yule mzee alikuwa amesimama mlangoni, bila fimbo. Harufu ya chuma cha moto iliingia pamoja naye.

"Wewe ni nani?" Yona akanong'ona.

Mzee alikuja mezani, akakigonga kile kipande kwa fundo la kidole, mara moja, kikakaa sawa. Kidole hakikupata hata mchubuko. Kisha akaenda kukaa kitini na kuomba chakula.

Yona alimpigia simu mama Mwanakheri akiwa nyuma ya tangi la maji, palepale alipolia siku ile. Mama akapokea haraka, kwa sauti ya mtu aliyepumzika.

"Mama, umenipa nini?"

"Huko kwenu hamna wafua chuma?" akauliza. "Huku kwetu chuma cha mfua chuma aliyekufa hakipokelewi kwa mkono. Anayetoa anakiweka chini. Anayechukua anakinyunyizia chumvi, ndipo anaokota. Alichokiacha marehemu humo kinabaki ardhini. Mtoto wa huku angeniambia, mama, weka chini. Wewe ulikinga mikono miwili."

"Nilikuheshimu."

"Najua, baba. Nililiona hilo."

"Ulijua na bado ukanipa?"

"Tangu tumzike alikuwa humu ndani. Kila jioni anagonga. Alikuwa anatafuta pa kukaa, na mimi nimejaa mwenyewe, hakupata nafasi." Akavuta pumzi. "Uliponiandikia kuhusu baba yako, kwamba anatoka kidogokidogo... nilijua kuna nyumba iliyo wazi."

"Nitakirudisha. Kesho nakuletea."

"Utaniwekea wapi? Mikono yangu sitaikinga. Nawe ukikitoa kwenye duara, yule aliyepanda umempoteza moja kwa moja." Kisha, kwa upole ambao ulimtisha Yona kuliko yote, akaongeza, "Mimi sasa nalala, mwanangu. Nisamehe."

Simu ikakatika, na tangu hapo namba ile haipatikani.

Kama ni kweli yote aliyosema mama yule, nani ajuaye. Yona alimleta mchungaji nyumbani, akaomba, mzee akaitikia amina kwa sauti nzuri. Alimleta na mganga kutoka bondeni. Mganga alifika mlangoni, akanusa, akarudi alikotoka bila hata kuomba maji.

Siku hizi ukipita kwa Yona utamkuta mzee barazani, mwenye afya, anasalimia watu. Same nzima inampongeza Yona. Mtoto wa kweli, wanasema, amemtunza baba hadi amepona. Veneranda amenenepa, hataki kusikia neno lolote kuhusu ile sauti, yeye mlio anaousikia ni wa magurudumu tu. Na Yona anaitikia pongezi, anasema asante, Mungu mkubwa.

Lakini jua likianza kuzama hufunga kibanda hata kama kuna wateja. Anakwenda kuwasha treni. Kando ya meza kuna betri ya pikipiki, kwa sababu umeme ukikatika treni husimama, na treni ikisimama hajui baba yake anakuwa wapi. Analaza sikio karibu na reli. Wanaongea. Anamwambia leo treni imechelewa, leo imewahi. Sauti hujibu, kila siku imepungua kidogo. Imeacha kuomba kushuka.

Juzi alilaza sikio kama kawaida.

"Shikamoo baba."

Treni ikazunguka duara zima. Ngo.

"Marahaba..." ikasema ile sauti, mbali kabisa. Halafu ikasita, ikatafuta. "Wewe... ni mtoto wa nani?"

Yona akafungua mdomo ajibu.

"Ni wangu," akajibu yule mzee kitini.